Kidole kwa Kidonge

Mchungaji wetu amenionya kwamba Jumapili nikisimama kutoa shukrani niseme maneno machache, maana mwaka jana mama mmoja alishukuru mpaka watoto wakalala na kwaya ikakosa zamu yake. Nimekubali, lakini moyoni nimenuna. Watu wa kijijini kwetu Ngana wanapenda nimshukuru Mungu kwa jumla, halafu nikae. Mimi nataka kushukuru kwa rejareja, mmoja mmoja, pamoja na farasi. Nyoka ndiye simshukuru. Hapo nitakosana na kila anayeniambia kwamba yule naye alikuwa chombo.

Mimi ni Atupele, mama Tuntufye. Nimezaliwa ufukweni mwa ziwa, upande wa Wakisi, ambako mtoto wa kike anajua kufinyanga kabla hajajua kusuka nywele. Hatutumii mashine. Ni udongo, maji na mkono, na katika mkono wangu wa kulia ni kidole cha shahada ndicho kilichokuwa kikipita juu ya mdomo wa chungu kuulainisha na kuupa unene sawa pande zote. Nilipoolewa na Gwamaka nikaja kwenye migomba na kokoa, sikuacha. Mama yangu hunitumia udongo kwenye gari la samaki, na vyungu vyangu vinajulikana soko la Kyela mjini. Mteja akikigonga kwa ukucha kikalia, haulizi mara mbili. Huko Ngana kila mwanamke ni mke wa mtu mwenye kokoa. Mimi nilikuwa na kitu changu.

Tunakaa kiwanja kimoja na baba mkwe, Mzee Ambilikile. Asiye mtu wa kwetu anivumilie kidogo hapa. Kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba wa mume hawatazamani. Vijana wa mjini wameshaacha, wanakula hata meza moja, lakini ukoo wa mume wangu bado umeshikilia. Akipita njia hii, mimi nashika ile. Tukikutana ghafla, nachuchumaa pembeni na kujifunika khanga mpaka apite. Jina lake silitaji, na hata hapa nimelitaja kwa sababu naandika tu, tena mkono umesita. Akitaka kuniambia jambo, anamwambia mtu mwingine huku nikisikia. Asipokuwepo mtu, anamwambia kuku. "Wewe kuku, mwambie mama Tuntufye mvua inakuja na kokoa iko nje." Nami nakimbia kuanua kokoa. Tangu niolewe nilivijua visigino vyake na kikohozi chake kuliko uso wake. Msidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na mimi niliipenda, kwa sababu mkwe asiyekutazama hawezi kukukagua.

Siku hiyo Gwamaka alikuwa amekwenda kwenye chama cha ushirika kufuatilia mnada. Mimi nilibaki na lundo la kokoa nyuma ya nyumba. Tukishapasua maganda, tunatoa mbegu na ute wake mweupe, tunazirundika juu ya majani ya mgomba, tunazifunika kwa majani mengine na kuziacha zivunde. Ndani mle panapata joto lenyewe. Wengine wakitaka kujua kama joto limetosha wanahesabu siku. Mimi natia mkono. Naupenyeza chini ya majani mpaka kwenye kifundo, natulia kidogo, nautoa, nimeshajua. Gwamaka alizoea kuniambia tumia kijiti, nami nilizoea kumjibu kwamba kijiti hakina akili.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na asubuhi ilikuwa na baridi. Kumbe si mimi tu niliyelijua lile joto. Nilitia mkono, kitu kikanipiga kwenye kidole kama msumari wa moto. Nikauchomoa, majani yakafunuka, nikamwona kifutu: mfupi, mnene, mabaka yake ya rangi ya majani makavu, anapuliza kama pampu ya baiskeli. Hakukimbia. Kifutu hana haraka na mtu, ndiyo maana watu wanamkanyaga.

Sasa someni ujinga wangu, na ni ujinga wa ukweni kwetu, mtu wa kwingine asingeufanya. Mzee Ambilikile alikuwa barazani kwake, upande wa pili wa nyumba, anasikiliza redio. Nilikuwa naisikia ile redio. Pale nyumbani mtu wa kunisaidia alikuwa yeye peke yake. Nami nikageuka nikaenda upande mwingine. Sikupiga hata yowe. Nilikuwa nimejifunga khanga moja, kichwa wazi, ningetokeaje hivyo mbele ya baba mkwe? Nikakimbia kupitia migombani, nikauruka mfereji, mpaka kwa jirani yangu Asajile, na njia nzima mkono unawaka mpaka kiwikoni. Aliyeumwa na nyoka hatakiwi kukimbia, maana anaisaidia sumu kusambaa. Nililijua hilo tangu shuleni. Lakini aibu ilikuwa na mbio kuliko akili.

Asajile ana roho nzuri na mikono ya haraka. Aliponiona alichana khanga yake mpya, akanifunga juu ya kiwiko, akatia kijiti na kukizungusha mpaka vidole vikapoteza rangi. Kisha akaingia ndani kutafuta wembe ili anichanje, sumu itoke. Mimi nilikuwa nimekaa chini natapika, mkono nimeupakata kama mtoto wa mtu.

Nikasikia kikohozi. Mzee alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba, akaona majani yamefunuliwa na kifutu bado amejilaza pale, akaona nyayo zangu kwenye tope, akazifuata. Alisimama uwanjani kwa Asajile ametupa mgongo, anatazama banda la mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema kwa sauti kubwa, "mwambie mama Tuntufye hiyo kamba ifunguliwe."

Asajile akatoka na wembe, akamwita baba kwa Kinyakyusa. "Tata, sumu itapanda moyoni!"

"Mbuzi, mwambie Asajile aweke wembe chini. Mdogo wangu Hezroni hakukatwa mkono kwa sababu ya nyoka. Alikatwa kwa sababu ya kamba. Tulimfunga sisi wenyewe, kwa upendo, na daktari akatuambia tumeuua mkono wake."

Asajile alibaki amesimama na wembe wake. Mimi sikuwa na nguvu za kufanya lolote. Mbuzi alikuwa anakula. Basi Mzee Ambilikile akageuka, akanitazama. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake wote kwa mbele, na nikaona kwamba Gwamaka amerithi masikio yale makubwa. Mzee akapiga magoti kwenye tope, akafungua kile kijiti taratibu. Akanivua pete na bangili kabla mkono haujavimba zaidi. Akachuna gamba la mgomba, akalilaza chini ya mkono uwe hautikisiki, akafunga kwa kitambaa bila kukaza.

"Usiutikise," akasema. Alikuwa ananiambia mimi, hakumwambia mbuzi.

Eliud wa bodaboda aliitwa kwa simu akaja mbio. Tukapanda watatu. Eliud mbele, mimi katikati, na nyuma wa kunishikilia akawa baba mkwe, maana Asajile ana mimba kubwa na barabara ile si ya kumpitisha mjamzito. Nawaambia kweli, njiani nilikuwa na hofu mbili na sijui ipi ilizidi. Sumu ilikuwa inapanda kwenda begani, na mgongo wangu ulikuwa kifuani kwa baba wa mume wangu. Nilijaribu kujisogeza mbele. Akanirudisha.

"Egemea," akasema. "Kyala, Mungu wetu, anaona na anaelewa. Wasioelewa watauliza ukishapona."

Kila Eliud alipoingia kwenye shimo, Mzee alimporomoshea Kinyakyusa cha aina ambayo mzee wa kanisa hatakiwi kuijua. Namshukuru Eliud kwa kutojibu.

Hospitalini mjini tulipokewa na Daktari Jubilate, dada mwembamba mwenye sauti ya kuamuru. Walinitoa damu kidogo wakaitia kwenye chupa ya kioo na kuiacha imesimama, waone kama itaganda. Haikuganda. Walipoiinamisha ilitiririka kama maji ya rangi. Daktari akasema sumu imeshaharibu mgando wa damu, akaagiza dawa ya sumu ya nyoka. Ilikuwepo. Neno hilo naliandika taratibu, kwa sababu najua ziko sehemu mtu hufika na dawa haipo. Kwangu ilikuwepo, ndani ya friji, ikatiwa kwenye dripu, na nesi akakaa nami akiangalia kama nitatoka vipele au nitashindwa kupumua, kwani mwili wa mtu huweza kuikataa dawa yenyewe.

Nilipopata nguvu ya kuuliza, niliuliza imetengenezwa na nini.

"Farasi," Daktari Jubilate akasema. "Anadungwa sumu kidogo kidogo, kiasi kisichomdhuru. Mwili wake unajifunza kutengeneza askari wa kuikamata sumu ile. Baadaye wanamtoa damu kiasi, wanawachuja wale askari, ndio hawa wanaoingia kwako."

Mimi farasi nimemwona kwenye picha tu. Nilimwombea palepale kitandani, yeye na mchungaji wake. Nilipomweleza mchungaji wangu mwenyewe, alikunja uso akasema wanyama hawatajwi madhabahuni. Mbona mwanapunda wa Yerusalemu tunamwimbia kila Jumapili ya Matawi?

Damu yangu ikaanza kuganda kama ya watu. Lakini mkono ulivimba mpaka begani, ukatoka malengelenge yenye maji ya rangi ya kahawa, na kidole cha shahada kikaanza kuwa cheusi. Kila nikiamka weusi umeongezeka. Nikamkasirikia daktari. Nikamwambia dawa nimepewa, farasi ametoa damu yake, mbona kidole kinaendelea kufa?

Alivuta kiti, jambo ambalo sikulitegemea, maana wodi ilikuwa imejaa.

"Mwili wako, mama, umejengwa kwa vyumba vidogo sana, macho hayavioni. Tunaviita seli. Kila seli ina ukuta mwembamba wenye mafuta, unaoshika vya ndani visitoke. Sumu ya kifutu si kitu kimoja, ni mchanganyiko. Kuna vilivyomo vinavyotafuna ule ukuta, seli inapasuka na kumwaga vilivyo ndani yake. Kuna vingine vinakata nyuzi zinazoshikilia mishipa midogo ya damu, ndiyo maana damu na maji vinavujia ndani na mkono unavimba. Nyoka anaitumia kulainisha chakula chake kabla hajakimeza. Wewe si chakula chake, lakini sumu haijui hilo."

"Na dawa?"

"Dawa inakamata sumu ambayo bado inatembea. Seli iliyokwisha kufa haiifufui."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Chungu kibichi, ambacho hakijachomwa, ukikitia maji hakivunjiki. Kinalegea, kuta zinaachiana, kinarudi kuwa tope mahali pale pale kiliposimama. Nilikitazama kidole changu nikaona ndicho kinachotokea.

"Sasa nisikilize," akasema. "Nyama iliyokufa haikai peke yake. Wadudu wa maradhi wanaipenda. Nikikiacha hicho kidole, uozo utaingia kwenye kiganja, na siku hiyo nitakuomba mkono mzima. Leo naomba kidole."

"Hapana," nikasema.

"Mama."

"Hapana. Chukua kidole cha mwisho, chukua viwili vya mguuni. Hicho hapana."

Alidhani ni hofu ya kisu. Haikuwa hofu ya kisu. Nimezaa bila kulia. Nilikuwa naliona soko la Kyela, na vyungu vya wenzangu vimepangwa, na mimi napita kununua. Gwamaka aliposhauriwa anisihi alishika nguzo ya kitanda akatokwa na machozi, akasema mwenye mkono ni mimi na yeye hawezi kunilazimisha. Nampenda kwa hilo, ingawa siku hiyo halikuwa na faida yoyote.

Mzee Ambilikile alikuwa amefikia Bondeni, mtaa wa karibu na hospitali, kwa mpwa wake, na kila siku alikuja kukaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la wodi yangu, mgongo ukutani. Tulikuwa tumerudi kwenye heshima yetu kana kwamba bodaboda haikutokea. Salamu zake zilikuja kupitia kwa nesi. Lakini dirisha lilikuwa wazi na masikio, nimeshasema, ni makubwa.

Siku ile ile niliyokataa, alipatwa na kizunguzungu pale benchini. Nesi akampima, presha ilikuwa juu vibaya. Ikajulikana kwamba alitoka nyumbani akinikimbiza mimi hospitali na kuacha vidonge vyake. Gwamaka alikuwa amevileta siku hiyo hiyo. Daktari Jubilate akavitazama, akacheka kidogo kwa furaha, akasema kwa sauti niliyoisikia vizuri kitandani:

"Kaptopril! Baba, unajua hii dawa tumeipataje? Brazili kuna nyoka ambaye akimuuma mtu, presha yake inaporomoka mpaka anazimia. Wataalamu wakajiuliza sababu. Wakakuta kitu kidogo ndani ya sumu kinachofanya mishipa ya damu ilegee. Wakakiiga, wakakitengeneza kiwandani, kikawa kidonge. Nyoka amemwangusha mkwe wako, na nyoka mwingine anakushikilia wewe. Tena wako wanaochunguza maabara kama zile sumu zinazopasua seli zinaweza kuelekezwa zipasue seli za saratani. Bado ni majaribio, lakini wanajaribu."

Dada yule alitaka kumfurahisha mzee. Alikuwa hajui wazee wetu.

"Miaka yote hii," Mzee akasema polepole, "nameza nyoka?"

"Hakuna nyoka ndani yake, baba. Kuna tulichojifunza kwake."

"Mimi ni mzee wa kanisa. Nimesimama mbele za watu nikasoma habari za bustani ya Edeni, na tumboni nina nyoka. Na ndugu yake ameuharibu mkono wa binti yangu. Simezi."

Walimbembeleza. Hakumeza. Kesho yake alipimwa, presha imepanda. Alisema akifa atakufa akiwa safi. Daktari Jubilate aliingia wodini kwangu akiwa ameishiwa sauti yake ya kuamuru, akamwambia nesi kwamba ana wagonjwa wawili wa ukoo mmoja, mmoja hataki kutoa na mwingine hataki kuingiza, na wote wawili watamfia mikononi kwa ukaidi.

Chini ya dirisha, Mzee akakohoa.

"Nesi," akasema, "mwambie mama Tuntufye akubali kukatwa. Mwambie Hezroni mdogo wangu, kamba ilipomwozesha vidole, naye alikataa kutoa kimoja, mpaka mkono wote ukaondoka. Mpaka tunamzika, vifungo vya shati alikuwa akifungwa na mke wake. Mwambie baba yake anaomba."

Nesi akanigeukia afikishe ujumbe. Sikumngoja. Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni homa, labda ni neno lile "binti yangu" ambalo lilikuwa limenikaa rohoni tangu jana yake. Nikaketi kitandani, nikaelekeza uso wangu dirishani.

"Tata," nikasema. "Mimi ndiye ninayesema, Atupele. Meza kidonge chako, nami nitawapa kidole."

 Mama wa kitanda cha jirani, Mnyakyusa wa Talatala, alijifunika mdomo kwa shuka. Nilihisi moto usoni kuliko wa mkononi. Tangu nije kwenye ukoo ule sikuwahi kumwambia mzee yule neno moja la kutoka kinywani kwangu kwenda sikioni kwake, na la kwanza nililompa lilikuwa amri.

 Kisha kichwa chenye mvi kikapanda dirishani, na macho yake yakanitazama, yamejaa maji.

"Binti yangu," akasema, "huogopi?"

"Naogopa sana, tata. Naogopa kuliko wewe. Wewe unapoteza fahari tu."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko chake kwa karibu. Kina mluzi ndani yake. Akamwomba Gwamaka maji, akaweka kidonge ulimini mbele ya dirisha nikiona, akameza, akafungua kinywa kunionyesha kwamba hakukificha shavuni.

"Haya," akasema. "Zamu yako."

Walinikata kidole mchana ule ule, na nyama iliyokufa juu ya kiganja wakaisafisha. Nilipozinduka nilikiona kitambaa cheupe na nafasi pale kilipokuwa. Nililia kwa sauti, sikuona haya. Namshukuru Daktari Jubilate ambaye hakuniambia nyamaza wala nina bahati. Alinishika bega akangoja nimalize. Kidonda kilikuwa safi, na kiganja kikabaki changu.

Kupona kulichukua muda wake. Niliruhusiwa, nikawa nafikia Bondeni kwa huyo mpwa ili niwe karibu na hospitali kwa kusafishwa kidonda. Mzee alirudi Ngana kuitazama kokoa. Kifutu alikuwa ameshaondoka mwenyewe, na Gwamaka anatia kijiti siku hizi. Nilikuwa sisemi sana. Nilijizoesha kushika kijiko, kufunga khanga, kumsuka Tuntufye kwa vidole vilivyobaki. Udongo sikuutaja, na mama yangu akipiga simu kuuliza atume lini, nilimwambia bado, bado. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa mdomo wakati roho inauliza nimebaki nani.

Siku daktari aliponiambia ngozi imefunga na kitambaa hakihitajiki tena, nilirudi Bondeni nikamkuta Mzee Ambilikile amekaa kwenye kigoda uani. Koti lake la ibada lilikuwa limeharibika kwa tope kifuani na mikononi. Miguuni pake palikuwa na bonge la udongo limefungwa kwa majani ya mgomba, bado linavuja maji.

Ni udongo wa kwetu. Niliujua kwa harufu kabla sijaufungua. Alikuwa amekwenda mpaka ziwani, kwa wakwe zake, akamwomba mama yangu ampeleke unakochimbwa. Udongo huchimbwa na wanawake. Mama aliniambia baadaye kwamba wanawake walisimama wakamtazama mzee wa Kinyakyusa, mwenye koti, akiinama shimoni na jembe lao, na hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha akaupakata garini njia nzima kwa sababu kondakta alitaka kuutupa kwenye buti pamoja na dagaa.

"Daktari amesema kidonda kimefunga?" akaniuliza mimi.

"Kimefunga, tata."

"Jaribu, binti yangu."

"Sitaweza."

"Nami nilisema simezi."

Nikakaa chini mbele yake, kichwa wazi, sikujifunika. Nikamega donge dogo, nikalikanda kwa kiganja cha kushoto, nikalitoboa kwa dole gumba, nikaanza kuzungusha. Ngozi mpya ilikuwa na ganzi sehemu nyingine, na sehemu nyingine ilihisi kupita kiasi. Nilipofika mdomoni kidole kisichokuwepo kilitaka kwenda mbele chenyewe, nikasimama, nikapumua, nikakileta cha kati. Hakikujua kazi. Kilibonyeza zaidi upande mmoja. Nikarudia. Mzee aliutazama mkono wangu ule mbovu tangu mwanzo mpaka mwisho, hakugeuza macho hata mara moja, na midomo yake ilikuwa ikizunguka pamoja nami.

Nilikiweka chini. Kilikuwa chungu kidogo cha kutosha mboga ya mtu mmoja, kimepinda kidogo upande wa kulia. Tulingoja wote wawili kama kitaanguka. Kilisimama.

"Ndaga fijo, tata," nikamshukuru kwa lugha yake.

Akanyoosha mkono wake, akaushika wangu ukiwa na tope hivyo hivyo, na hakuuachia.